Naombeni ushauri: nisomee nini digrii ya kwanza kama bado sijaamua kati ya sheria na seminari? (niko Marekani)

njia_panda_02

Habari zenu wakuu, naomba mnivumilie maana hii itakuwa ndefu kidogo.

Niko mwaka wa pili chuo hapa Marekani, nina krediti 45 kati ya 120 zinazotakiwa, na mwisho wa muhula huu lazima nitangaze meja (somo kuu la digrii). Nilianza na baiolojia kwa sababu nyumbani walishaamua mimi ni daktari kabla sijajua kusoma, ila kemia imeninyoosha. Nilipata D nikarudia nikapata B, chuo kikafuta ile D kwenye hesabu na sasa GPA yangu (wastani wa alama, mwisho 4.0) ni 3.2. Daktari basi tena, hilo limeisha na kilio chake kimeisha.

Kinachonivuta mi ni vitu viwili na vyote huku vinasomwa baada ya digrii ya kwanza, yaani sheria (JD miaka 3) au uchungaji (M.Div nayo kama miaka 3). Sisi ni Walutheri na hili la uchungaji sio la juzi, nalisikia tangu kipaimara ila sijawahi kulisema kwa sauti. Sasa kila mtu ana lake. Baba mdogo anasema soma sayansi ya siasa ndo njia ya mawakili, kiongozi wetu wa vijana kanisani anasema hamia chuo cha Biblia kabisa, na mshauri wa chuoni ananiambia kuna meja mpya inaitwa "maandalizi ya sheria" nijaze fomu tu. Mimi mwenyewe darasa pekee ambalo nasoma hadi nasahau kula ni historia.

Kuna meja ambayo haitanifungia mlango wowote kati ya hii miwili? Au nachagua moja sasa hivi nife nayo?

---

Mzee_wa_hoja

Baba mdogo yuko sahihi. Sayansi ya siasa. Unasoma katiba, unasoma serikali, unafika shule ya sheria wenzako wanashangaa we unaelewa. Seminari wao wanapokea digrii yoyote kwa hiyo huko huna shida. Mjadala umefungwa.

---

wakili_wa_zamu

Mjadala haujafungwa mkuu, samahani.

Dada karibu. Mi nimepita hiyo njia ya JD kwa hiyo naongelea upande huo tu, wa seminari watakuja wenyewe. ABA, yaani chama cha mawakili cha Marekani ambacho ndo kinatoa ithibati kwa shule za sheria, kimeandika wazi kwamba hakipendekezi meja yoyote. Hakuna somo la lazima kama ilivyo kwa udaktari ambako usipokuwa na kemia fomu yako haisomwi. Wanachotaka ni mtu anayesoma vitu vigumu bila kulala, anayeandika sentensi ikaeleweka, anayeweza kutafuta taarifa na kujenga hoja.

Ukibisha angalia majaji 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walivyoanza. Roberts historia, Kagan historia, Sotomayor historia, Kavanaugh historia. Thomas na Barrett wao fasihi ya Kiingereza. Gorsuch ndo alisoma sayansi ya siasa, Jackson masomo ya serikali, Alito mambo ya sera za umma. Wanne kati ya tisa ni watu wa historia, kwa hiyo baba mdogo mwambie pole pole.

Mwaka wa kwanza wa sheria wote mnaanza sifuri. Mikataba, madhara (yale ya kumdhuru mtu hadi umlipe fidia), mali, mwenendo wa kesi za madai, jinai, katiba. Aliyesoma siasa anajua katiba kwa jina, lakini kusoma hukumu ya kurasa 30 ukatoa kile jaji alichoamua na kile alichosema tu njiani hiyo inafundishwa pale pale, na profesa anakuita kwa jina mbele ya darasa zima uieleze umesimama kwa miguu inayotetemeka. Na masomo mengi marks zote ziko kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Hakuna meja inayokukinga na hiyo siku.

Meja ya "maandalizi ya sheria" sio dhambi ila shule za sheria haziipi uzito wa pekee. Na kama siku moja utasema sheria hapana, utakuwa na cheti cha kujiandaa na safari ambayo hukwenda.

Sasa kubwa, na hili hakuna aliyekwambia nadhani: ile D YAKO HAIJAFUTIKA. Chuo kimefuta kwenye hesabu zake. Lakini maombi ya shule za sheria yanapitia LSAC, taasisi inayoyashughulikia, na wao wanakokotoa GPA upya wakitumia transkripti zako zote, hata za chuo cha jamii ulichosoma kiangazi kimoja. Somo ulilorudia wanahesabu mara zote mbili, mradi ile alama ya kwanza bado inaonekana kwenye transkripti. Tufanye kemia ni krediti 4. Wewe unasema 45 kwa 3.2, hizo ni pointi 144. Ongeza ile D, pointi 1 kwa kila krediti, yaani krediti 4 pointi 4, inakuwa 148 gawa kwa 49, ni 3.02. Ndo GPA yako ya kweli machoni pa LSAC leo.

Usilie. Zimebaki 75. Ukizipata kwa wastani wa 3.8 unamaliza na 3.49 hivi. Ukizipata kwa 3.3 kwa sababu umejilazimisha meja ya baba mdogo, unamaliza na 3.19. Hiyo tofauti ni kubwa kuliko jina la meja yoyote duniani. Kwa hiyo unaposema kuna darasa linakusahaulisha kula mi nasikia mtu anayetaja meja yake halafu anatuuliza meja yake ni ipi.

---

Mzee_wa_hoja

Sawa wakili umeniweza kwenye majaji. Ila huyo Thomas si ndo aliwahi kuwa seminari? Naona mnamficha 😂

---

wakili_wa_zamu

Ni kweli, Clarence Thomas aliingia seminari ya Kikatoliki kule Missouri mwaka 1967 akitaka upadre, akatoka mwaka uliofuata, akaenda kusoma fasihi Holy Cross kisha sheria Yale. Umemsaidia dada bila kukusudia.

---

MamaMchungaji_Kijijini

Mwanangu, amani iwe kwako. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri hapa hapa Marekani, ELCA (moja ya makanisa ya Kilutheri ya huku), nimebarikiwa kuwa mchungaji miaka mingi sasa. Nimesoma swali lako mara mbili na ile sentensi ya "sijawahi kulisema kwa sauti" ndo niliyoiona kuliko zote, nitairudia.

Kwanza la chuo cha Biblia. Mimi digrii yangu ya kwanza ilikuwa Biblia na teolojia. Nilifurahi sana miaka ile minne, halafu nikafika seminari nikakuta utangulizi wa Agano la Kale, utangulizi wa Agano Jipya, historia ya kanisa, tena vitabu vingine vile vile. Mwaka wa kwanza nusu nilikuwa narudia. Zipo seminari zinazokuondolea baadhi ya masomo ukionyesha ulishayasoma kwa kina, yangu wakati ule haikuwa hivyo au mimi sikujua kuomba. Mwenzangu wa chumba alikuja na digrii ya uuguzi, hakujua Amosi yuko wapi kwenye Biblia, na mwaka wa tatu alikuwa anahubiri watu wanalia. Ukitaka chuo cha Biblia basi angalia sana kina ithibati inayotambulika. Vingine havina, na digrii yake ukiipeleka shule ya sheria ni karatasi tu, hata seminari nyingi watakusumbua. Huo ndo mlango unaoufunga wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Pili, aliyesema seminari zinapokea digrii yoyote amesema kweli nusu. Seminari inapokea, lakini anayekubariki ni KANISA, na kila kanisa lina masharti yake. Wapresbiteri wa PC(USA) wana mitihani yao ya kanisa na ndani yake kuna wa eksejesia (kuchambua na kufasiri Biblia), kwa hiyo Kigiriki na Kiebrania, lugha za asili za Biblia, kwao sio mapambo. Walutheri wa Missouri Synod nao lugha zote mbili ni lazima, ingawa kule wanawake hawabarikiwi kwa hiyo kwako halihusu. Kwetu ELCA unaanza na kamati ya sinodi yako kabla au mapema sana unapoingia seminari, halafu kuna M.Div, kuna mwaka wa mafunzo kwa vitendo usharikani, na kuna CPE, mafunzo ya huduma ya kichungaji, mara nyingi hospitalini, uniti moja saa 400 ukikaa na wagonjwa na wanaokufa na familia zao. Kwa hiyo ile "miaka 3" yako kwetu mara nyingi ni 4.

Kama una nafasi ya masomo ya hiari chuoni hapo chukua Kigiriki cha kale. Chuo kikiwa nacho, mwaka mmoja tu. Watu wanafika seminari wanabanwa na Kigiriki cha kiangazi, mwaka mzima wa lugha umeshindiliwa kwenye wiki chache, wanaota vitenzi usiku. Na chukua uhasibu darasa moja, nacheka lakini sitanii. Hakuna aliyeniambia kwamba kikao changu cha kwanza cha baraza la usharika kitakuwa ni mapato na matumizi na paa linalovuja, nikakaa pale na Kigiriki changu chote sijui kusoma mizania. Mhazini alikuwa mzee mmoja mpole sana akanifundisha baada ya ibada kwa penseli.

Tatu, hilo la kusema kwa sauti. Mwone mchungaji wako. Humwombi ruhusa, unamwambia tu. Wito kwetu haupimwi na mtu mmoja chumbani kwake, ndo maana kuna kamati. Na ukienda ukakuta sio, umepoteza nini?

---

njia_panda_02

Shikamoo Mama Mchungaji, nimesoma nikiwa maktaba nikalazimika kutoka nje kidogo.

Wakili hiyo 3.02 imeniuma ila afadhali nijue leo kuliko mwaka wa nne. Swali: LSAT je, ule mtihani wa kuombea shule za sheria? Kuna mtu kaniambia nichukue filosofia hasa darasa la mantiki kwa sababu ya ile sehemu ya michezo ya mantiki.

---

frateri_mstaafu

Ile michezo ilifutwa. Kuanzia Agosti 2024 LSAT haina tena ile sehemu ya kupanga watu saba kwenye viti. Sasa ni sehemu mbili za kuchambua hoja, moja ya kusoma na kuelewa, na moja zaidi haihesabiwi, wanajaribia tu maswali. Alama bado ni 120 hadi 180. Kwa hiyo aliyekushauri alifanya zamani kama mimi. Mantiki bado inasaidia ila msomaji mzuri wa kawaida sasa ana nafuu kuliko zamani, na mtu wa historia anayeshinda kwenye nyaraka zilizoandikwa kwa nia ya kumdanganya msomaji huyo ana mazoezi tayari.

Nieleze yangu kwa kifupi (haitakuwa kifupi). Mimi nilisoma uhandisi wa umeme, nikamaliza na 3.1 ya jasho. Halafu nikaingia seminari ya Kikatoliki. Sasa kwa Wakatoliki sikilizeni, huku filosofia sio ushauri, ni sheria. Kanoni ya 250 ya sheria za Kanisa inataka angalau miaka 6 ya masomo, miwili ya filosofia na minne ya teolojia. Ukija na uhandisi au uuguzi haijalishi, unakaa chini unasoma filosofia kwanza. Nikasoma hiyo miwili, nikapata A kila mahali, Aristotle na Tomaso wa Akwino nikawa nao kama marafiki. Mwaka wa kwanza wa teolojia nikaona hapana, nikaongea na baba wa kiroho, nikatoka kwa amani.

Nikaomba sheria. Nikajua zile A za filosofia zitanibeba. LSAC hawahesabu alama za baada ya digrii ya kwanza! Zote zilikaa nje. GPA yangu ilibaki 3.1 ya uhandisi, zile A shule za sheria ziliziona kwenye transkripti lakini kwenye namba hazikuwepo. Kilichoniokoa ni LSAT. Kwa hiyo mdogo wangu ukisikia mtu anakwambia "utarekebisha baadaye" mkatalie. Cha kurekebisha unarekebisha kwenye hizo 75.

Ila uhandisi haukupotea pia. Mawakili wa hataza (haki za uvumbuzi) mbele ya ofisi ya hataza ya Marekani wana mtihani wao wa pekee, na kuufanya kwa kawaida lazima uwe na msingi wa sayansi au uhandisi. Hapo ndo mahali pekee kwenye sheria ninapopajua ambapo meja inakuuliza maswali. Wewe umeshaachana na kemia kwa hiyo pita tu.

---

MamaMchungaji_Kijijini

Frateri nimekusoma kwa furaha. Ila niseme tu, hii ya kila mtu kukimbilia filosofia mimi siielewi nje ya Ukatoliki. Nimeona waliosoma filosofia wanahubiri kama wanajitetea. Afadhali saikolojia au sosholojia, mtu ajue familia inavyovunjika.

---

frateri_mstaafu

Mama hapo tutagombana kwa heshima 😂 Waliosoma saikolojia nao wanahubiri kama wanamtibu Mungu. Lakini nakupa moja: Martin Luther King Jr. alisoma sosholojia Morehouse, akamaliza 1948, ndo akaenda seminari ya Crozer. Tena kabla ya hapo alikuwa anawaza udaktari na sheria, sio uchungaji. Kwa hiyo hii njia panda ya dada ina wenyewe.

---

hesabu_kwanza

Mmeongea yote mmesahau pesa. Kama kawaida.

Dada una green card au vipi? Maana kama una viza ya mwanafunzi mikopo ya serikali haikuhusu na nusu ya ninayoandika ruka. Kama inakuhusu: kuna sheria ilipitishwa 2025, na kuanzia 1 Julai 2026 wakopaji wapya hawapati tena ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unakufikisha hadi gharama yote ya shule. Sasa kuna dari. Kwa digrii zinazohesabiwa za kitaaluma ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, digrii nyingine za uzamili ni 20,500 kwa mwaka. Kichekesho ni kwamba sheria NA M.Div zote zimo kwenye orodha ya kitaaluma, kwa hiyo kwa serikali mchungaji na wakili wako meza moja. Kwa mshahara hawako meza moja.

Shule kubwa za sheria za binafsi ada tupu imeshapita 70,000 kwa mwaka, hujalala hujala. 50,000 haitoshi, inayobaki ni ufadhili au mkopo wa benki. Na ufadhili wa shule za sheria unafuata GPA na LSAT kama nzi na kidonda, kwa hiyo ile hesabu ya wakili ya 3.49 na 3.19 ni hesabu ya pesa. Seminari kwa upande wao nyingi zinafadhili vizuri na kanisa linachangia, ILA mchungaji mwenye deni la dola laki moja la digrii ya kwanza hawezi kupokea wito wa usharika mdogo hata kama Mungu kamwita kwa maikrofoni. Swali langu kwako sio meja. Hiyo digrii ya sasa unaimaliza na deni kiasi gani? Kama kuhamia chuo kingine kunaongeza mwaka, usihame.

---

njia_panda_02

Green card ndiyo. Deni mpaka sasa dola 9,000, nafanya kazi maktaba masaa 15 kwa wiki. Kuhama kungenipotezea krediti kama 12, nimeshauliza.

Halafu swali la kijinga, kuna watu wanafanya vyote viwili? Sheria na seminari pamoja?

---

wakili_wa_zamu

Sio la kijinga. Zipo JD/M.Div za pamoja, Emory wanayo na ni miaka 5 badala ya 6, Vanderbilt nao wanayo, Yale pia. John Danforth alimaliza sheria na teolojia Yale mwaka ule ule, 1963, akawa seneta wa Missouri na bado ni kasisi wa Kiepiskopo. Huyo digrii ya kwanza ilikuwa dini, Princeton. Seneta Chris Coons wa Delaware naye ana sheria na shahada ya dini za Yale, na alianza na kemia na sayansi ya siasa. Kemia kama wewe, ila yake ilikubali.

Lakini usiingie humo kwa sababu tu umeshindwa kuchagua. Miaka 5 ni mingi kuitumia kukwepa swali moja.

---

MamaMchungaji_Kijijini

Na kwa ELCA bado kuna ule mwaka wa vitendo juu yake. Mwanangu hesabu vizuri.

---

hesabu_kwanza

Miaka 5 ya ada. Mimi sisemi kitu.

---

njia_panda_02

Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Nimejaza fomu, historia. Mshauri aliuliza kama nina uhakika kuhusu ile meja yao mpya nikamwambia ndiyo nina uhakika siitaki. Uhasibu nimeandikisha kiangazi maana ni rahisi kupata nafasi.

Kigiriki kipo lakini kimekaa saa 2 asubuhi siku nne kwa wiki, na zamu yangu ya maktaba siku mbili kati ya hizo inaanza muda huo huo. Kuna Kilatini mchana. Kilatini hakitatosha?

Baba mdogo bado sijamwambia. Mchungaji nimemwandikia ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena, nikautuma jana usiku. Amejibu "njoo Alhamisi" basi, hakuna kingine.

---

frateri_mstaafu

Kilatini kizuri kwangu mimi, kwako Mlutheri sio. Badilisha zamu.

---

MamaMchungaji_Kijijini

Badilisha zamu mwanangu. Na Alhamisi usiende na karatasi ya maelezo, nakujua sasa, utaandika kurasa tatu. Nenda mikono mitupu.

---

Mzee_wa_hoja

Baba mdogo mwachie mimi nitaongea naye, sisi tunaelewana.

---

njia_panda_02

😂😂 Nimeshaandika ukurasa mmoja mama. Naacha nyumbani.